Mshiriki au manusura?

Jana Jumapili nimetembea jamani, matembezi ya kuchangia wagonjwa wa saratani. Yani mimi huyu ambaye mwaka juzi kutoka kitandani mpaka chooni nilikuwa napumzika katikati, nimetoka Coco Beach nikavuka Daraja la Tanzanite mpaka Ocean Road kwa miguu yangu, kilomita kama tano hivi, na saa hizi nyayo zinawaka moto nimeziloweka kwenye beseni la maji ya chumvi huku naandika.

Kwanza kituko cha tisheti. Nimefika saa kumi na mbili kasoro asubuhi, nakuta foleni mbili, binti mmoja wa kujitolea ananiuliza kwa sauti mbele za watu, "Shikamoo mama, wewe ni mshiriki au manusura?" Nikakwama. Mimi manusura najua ni wa ajali, neno lenyewe nimelizoea mwaka 1996 ilipozama MV Bukoba, redio ilikuwa inalitaja kutwa nzima. Sasa yule wa meli akishafika nchi kavu ndo kafika, meli anaiacha huko chini ya maji. Mimi je? Nameza tamoksifeni, vidonge vya kuzuia saratani ya titi isirudi, kila usiku na nimeambiwa ni miaka mitano, na huu mkono wa kushoto, upande waliotoa titi pamoja na matezi ya kwapani, nikibeba ndoo tu unavimba. Nikamjibu marahaba, mshiriki. Akanipa ya pinki, XL zimeisha nikapewa M, nimo ndani kama mto kwenye foronya ya mtoto, na ukiwa na titi moja tisheti ya kubana inakusema vibaya, nikatoa kanga kwenye mkoba nikajitanda juu, yakaisha.

Mgeni rasmi kachelewa kama kawaida yao, hotuba, mazoezi ya viungo, haya twende.

Darajani upepo mtamu, vijana selfi kila hatua mbili. Ila tulivyoshukia ule upande wa pili, Barack Obama Drive ambayo sisi tumezoea kuiita Ocean Road, mwili ukakumbuka wenyewe. Kipindi cha mionzi nilipigwa mara 25, Jumatatu mpaka Ijumaa wiki tano, nilikuwa nashuka Posta namalizia kwa miguu ili hela ya bajaji inunue maziwa. Na kabla ya hapo kemo, dawa kali za kuua saratani, ile dripu nyekundu, hakuna aliyeniambia kwamba na mkojo unatoka mwekundu, nilipiga yowe chooni nikajua figo ndo basi tena. Kuna sehemu pale ukingoni mwa bahari nimetapika mpaka muuza madafu akaniletea maji bure. Jana hapohapo watu wanapigia picha.

Halafu nikamkumbuka Mama Newala. Tulikuwa tunakaa naye benchi moja, yeye saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndo inaongoza kwa sisi kinamama hapa Tanzania. Chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, mwenzangu alikuwa na hamsini na ushee. Alifikia kwa shemeji yake huko Chanika, na ugonjwa ule una harufu tusifichane, chumba kimoja watu wanne, mgeni hajulikani anaondoka lini. Amefika mionzi ya 14 akaniambia dada ngoja nirudi nikauze korosho kidogo halafu nakuja kumalizia. Mionzi haitaki kukatishwa, tulikuwa tunaambiwa kila siku, na yeye alikuwa anaambiwa kama mimi, lakini kuambiwa hakulipi nauli. Namba yake nimeisevu Mama Newala Mionzi. Haipatikani. Huwa najaribu tena hata nikijua.

Ndo sababu nilitoa elfu thelathini yangu ya kujiandikisha bila kinyongo, maana mchango wa jana ni wa nauli na malazi ya wagonjwa wanaotoka mikoani, sio wa kununulia watu medali (japo medali nimepewa na nimeipenda, nisiwe mnafiki). MC kutangaza kiasi kilichopatikana watu makofi, vigelegele, mimi kichwani nagawanya kwa nauli ya basi Newala kwenda na kurudi.

Sasa mwisho wa yote, tulivyofika usawa wa hospitali ya saratani ya Ocean Road, lile jengo la Mjerumani la 1897, wenzangu wananyoosha mbele, miguu yangu ikakata kona yenyewe kuelekea getini, mazoea tu. Mlinzi ni yuleyule wa enzi zangu. Kaniangalia kanga, kaniangalia medali, akasema kwa upole kabisa, "Mama, leo Jumapili, kliniki hakuna."

Nikamwambia najua baba, yangu ni Jumatano.