Mzee akiruhusiwa hospitali huku Marekani, anaenda wapi?

Nafanya kazi ya unesi msaidizi wodini huku Minnesota na kinachoniuma kuliko vyote ni kuona familia zetu zinashtukizwa siku mzee anaruhusiwa. Kule nyumbani mzee akipata nafuu anarudi kwake au kwa mtoto, hakuna mjadala, gari linaletwa, wajukuu wanapokea mabegi, basi. Huku swali la huyu mzee akitoka anaenda wapi linaanza karibu siku ileile aliyolazwa, na wengi wetu hatujui kama linaendelea.

Na ugonjwa peke yake hauamui. Unakuta wazee wawili wote wamevunjika nyonga, umri mmoja, huyu anarudi kwake na yule anapelekwa nyumba ya wazee kwa ajili ya mazoezi, kisa mmoja ana mtu nyumbani na choo kiko chini, mwenzake anaishi peke yake juu ghorofani na lifti hakuna. Wanaangalia alikuwa anatembeaje kabla hajaugua, kumbukumbu zikoje, anaweza kutoka kitandani mpaka chooni bila kushikwa, na usiku atakuwa na nani.

Sasa hapo kwenye kuulizwa ndo pana shida yetu. Kuna mama mmoja wa kwetu nilimkuta, shikamoo mama, marahaba mwanangu, mtu wa mazoezi kasimama anamuuliza kama nyumbani anaoga mwenyewe, na anayetafsiri ni mwanae wa kiume. Jamani, mama gani wa kwetu atasema mbele ya kijana wake kwamba hawezi kujisafisha akitoka haja? Kila kitu akajibu naweza, naweza. Kijana naye kaulizwa nani yupo nyumbani akasema mimi nipo, na kweli yupo, ila anapiga shifti mbili, akirudi ni kulala. Nikamwomba nesi aite mkalimani kwa simu (hiyo ni haki ya mgonjwa, hospitali inatoa bure, usikubali kuambiwa mtoto atatafsiri), kijana akatoka nje kidogo, mama akaeleza yote, mpaka kwamba alishawahi kuanguka bafuni na hakumwambia mtu. Mpango wa kumrudisha nyumbani kesho yake ukasimamishwa palepale.

Halafu bima. Medicare ya kawaida, yaani bima ya serikali hasa kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea, inalipia nyumba ya wazee yenye manesi kwa muda tu, tena kama mzee anahitaji unesi au mazoezi ya kila siku: siku 20 za kwanza yote, kuanzia ya 21 hadi ya 100 unachangia kila siku, baada ya hapo unajilipia. Kumtunza mzee miaka na miaka hiyo siyo kazi yake, hiyo ni Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na Medicaid inaangalia kipato na mali. Na hata hizo siku 20 huzipati mpaka mzee awe amelazwa rasmi siku 3 mfululizo, siku ya kutoka haihesabiwi. Kuna kulazwa na kuna kuwekwa chini ya uangalizi, kitanda kilekile, chakula kilekile, dripu ileile, ila kwa Medicare siku za uangalizi hazihesabiwi, mtu anakaa pale akiamini kalazwa kumbe hajalazwa. Kwa hiyo uliza mapema: mzazi wangu amelazwa au anaangaliwa tu? Zile Medicare za kampuni binafsi nyingi hazina sharti la siku 3, lakini mara nyingi lazima kampuni iidhinishe kwanza na mzee aende kituo wanachokubali wao, basi hapo mzee anakaa kitandani anasubiri jibu huku miguu inazidi kulegea.

Wazazi tuliowaleta juzi kwa grini kadi ndo mtihani zaidi. Kama hawajafanya kazi huku, wanatakiwa wawe na miaka 65 na wameishi hapa kihalali miaka 5 mfululizo ndo waweze hata kuinunua Medicare. Bila bima vituo vingi havimpokei, na hapo anarudi nyumbani, awe tayari asiwe tayari, na anayeacha kazi mara nyingi ni binti au mkamwana.

Kuna vile vituo vya mazoezi makali, vizuri sana kwa mtu wa kiharusi, ila wanataka mgonjwa anayeweza mazoezi kama masaa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Mzee wako akikataa kuinuka kitandani sababu anaona haya kushikwa na binti mdogo, wanaandika hawezi, na nafasi inapotea, kwa hiyo mwambieni mapema, ombeni hata mhudumu wa kiume kama yupo.

Na mkiona anatolewa mapema mno, kwa aliyelazwa rasmi na ana Medicare kuna karatasi ya haki zake anapewa asaini, ina namba ya simu ya kukata rufaa. Ipigwe siku hiyohiyo ya kuruhusiwa kabla hajatoka, na uamuzi ukisubiriwa hatozwi hizo siku za ziada zaidi ya mchango wake wa kawaida.