Usiku mzima na Sgt. Pepper

Jana umeme ulirudi saa nne usiku, nikajifungia chumbani na albamu ya Sgt. Pepper ya Beatles: mono (sauti zote kwa pamoja), stereo ya 1967 (sauti zimegawanywa kushoto na kulia), na miksi, yaani mchanganyo mpya wa sauti, ya 2017 aliyoifanya Giles Martin, mtoto wa prodyuza wao George Martin. Nilidhani nitasinzia kabla ya ya pili. Wapi!

Chukua "She's Leaving Home" tu. Kwenye mono inakwenda mbio kidogo na sauti ni nyembamba zaidi. Kwenye stereo ya zamani inajikokota kama mtu anayeburura sanduku. Mimi nimekua na hiyo ya kujikokota, kwa hiyo mono ilinishtua. Kumbe mwaka ule bendi yenyewe ilishinda studio kwenye miksi ya mono, stereo wakamwachia George Martin na fundi wake wa sauti. Ya 2017 imefuata kasi ya mono, na kwenye nyimbo nyingine drami za Ringo sasa zinagonga kifuani. Kwangu hiyo ndiyo imeshinda, wazee wa santuri mnisamehe.

Nikarudia "A Day in the Life" kwenye stereo ya zamani. Lennon anaanzia sikio la kulia, na hedifoni yangu ikachagua kufa upande huohuo. Nimebaki na gitaa, namtafuta mwimbaji! Nikawasha spika. Mama akagonga ukuta.