Siku moja ya msoma mita, Tanga, vuli ikiingia

Kazi yangu ni kusoma mita za maji. Kila mwezi narudi kwenye nyumba zilezile na mitaro ileile, na kwa kurudi huko naona mambo ambayo mpita njia hayaoni. Mti uliokuwa mtupu mwezi jana una majani, ukuta uliokuwa safi umejengwa viota vya udongo. Nimechagua siku ya Novemba makusudi. Kwa anayependa kutazama, hakuna mwezi unaoishinda Novemba hapa Tanga.

Saa 11:30 alfajiri

Nikitoka msikitini kitu cha kwanza kukitafuta ni upepo. Siku hizi hauna msimamo: kusi imechoka, kaskazi haijashika, ndicho kipindi ambacho wavuvi wetu hukiita tanga mbili. Jana jioni ulilala kabisa, mnazi wa jirani haukutikisa hata kuti. Leo unakuja kwa vipande kutoka baharini, na una unyevu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mkulima, na kalenda ya ukutani hakuihitaji. Alihesabu miongo, siku kumi kumi, kuanzia Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka wa Kiswahili, na mwongo wake ulipofika alikwenda kusafisha shamba hata kama mbingu zilikuwa nyeupe pe. Mimi sikurithi hesabu yake yote. Nilichorithi ni mazoea ya kutazama, nikaongezea daftari.

Saa 12:20 asubuhi

Baiskeli, koti la mvua, daftari. Kabla ya kufika Raskazone kuna mbuyu mkubwa kando ya barabara, na leo chini yake pamejaa maua.

Ua la mbuyu ni la usiku mmoja tu. Linafunguka jua linapozama, jeupe, pana kuliko kiganja changu, limening'inia kichwa chini kwa kikonyo kirefu, na katikati lina kifundo cha nyuzi nyingi zenye chavua. Wageni wake ni popo. Wanafuata utamu ulio ndani, wanapakwa chavua, wanaruka nayo kwenda mbuyu mwingine. Kukicha ua linaanza kuwa la kahawia pembeni, halafu linadondoka. Ukilikanyaga linatoa harufu ya kuvunda, na nimewasikia wapita njia wakiilaumu taka kwa harufu hiyo. Ubuyu wa rangi tunaoumung'unya, ule unaofungwa kwenye vimfuko na kuuzwa kila duka, una kazi ya popo ndani yake. Nadhani watoto wangefundishwa hilo, mawe yanayorushwa kwa popo yangepungua.

Juu, kwenye ncha za matawi, majani mapya yameanza kujikunjua, madogo, laini. Mwezi uliopita mti huu ulikuwa mifupa mitupu. Nimeandika tarehe.

Saa 1:30

Ofisini. Chai, mihogo ya kukaanga, kugawana mitaa, simu za kazi zinachomolewa kwenye chaji. Mwenzangu wa Makorora anasema kwao kumenyesha usiku. Kwangu halikudondoka hata tone. Vuli ndivyo ilivyo, inachagua mtaa.

Saa 2:15

Raskazone. Mikrismasi imewaka barabara nzima.

Mti huu asili yake ni Madagaska, lakini umekaa pwani yetu miaka mingi hadi Desemba bila mkrismasi uliochanua haituelei. Wengi huutazama kwa mbali, ule wekundu, basi. Mimi nawaomba mara moja waokote ua moja na kuhesabu petali. Ziko tano. Nne ni nyekundu tupu. Ya tano imesimama peke yake, nayo ina madoa meupe na ya njano. Nimemwonyesha mlinzi mmoja asubuhi hii. Analinda chini ya mti huo miaka na miaka. Akaokota la pili, la tatu, la nne, akageuka kuniambia, "Kaka, yote yanayo!" Mpaka namaliza kusoma mita ya nyumba ile, bado alikuwa anaokota.

Saa 3

Sasa niwaambie juu ya visanduku vya mita, maana humo ndimo ninamoona mengi.

Kisanduku cha mita kina kivuli, kina unyevu, na binadamu hukifungua mara moja kwa mwezi. Kwa kiumbe mdogo hiyo ni nyumba kamili. Cha kwanza leo kina chura mdogo wa kahawia aliyejibana chini ya koki. Cha pili kina mayai mawili ya mjusi kafiri, meupe, magumu, yamegandishwa ukutani. Cha tatu kina vyumba vya udongo vya nyigu, vimepangwa pembeni mwa kioo cha mita. Nyigu huyu habebi asali. Anawinda buibui, anawachoma sindano ya kuwapoozesha bila kuwaua, anawajaza chumbani, anataga yai, anaziba mlango. Kinda likiangua linakuta chakula kibichi. Nimefuta kioo kwa kidole nipate namba, vyumba nimeviacha.

Utaratibu wetu ni usomaji shirikishi, yaani mwenye nyumba anasoma pamoja nami na anakubali namba. Mama wa nyumba ya nne aliinama, akaona jongoo mweusi, mnene, amejikunja juu ya mfuniko, akaruka nyuma.

"Mtoe huyo! Ana sumu!"

"Haumi, mama. Ukimbughudhi ndiyo anatoa majimaji yanayonuka na kuacha doa kidoleni, basi. Anakula majani yaliyooza, anawatengenezea mbolea bustanini."

"Sasa mbona wamejaa hivi wiki hii?"

"Mvua, mama. Kiangazi chote walikuwa chini ya udongo."

Nilimsogeza kwa kijiti mpaka kwenye shina la mpapai. Mama alisoma namba zake kwa mbali, ila hakumwua. Uniti 14.

Nyumba mbili mbele hakuna cha kuandika. Uwanja umefunikwa vitofali vya saruji kutoka ukuta hadi ukuta, maua ni ya plastiki, na mwembe uliokuwapo mwaka jana umebaki duara la saruji mpya. Ni nyumba nzuri na mwenyewe ni mtu mwema. Lakini mvua ikinyesha hapo haina pa kuingia, inakimbilia barabarani, na mimi naona huzuni ya kweli kila nikifungua geti lile. Ukiacha hata futi tatu za udongo pembeni, jongoo, kinyonga na mpapai wa kujiotea watapata pa kuanzia.

Saa 4:30

Chumbageni, kwa bibi mmoja ambaye simpiti bila kuzungumza naye.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mvua umetuletea?"

"Iko njiani."

"Naijua iko njiani. Tazama hao."

Alinionyesha nyaya za umeme. Mbayuwayu walikuwa wamejipanga kutoka nguzo hadi nguzo. Hao hukimbia baridi ya Ulaya, hutufikia mwisho wa mwaka, na ikifika Aprili hivi wanarudi huko kutaga. Bibi hajui habari za Ulaya na wala hazimhusu. Anachojua ni kwamba wakishuka kuruka chini chini, kugusa karibu majani, huanua nguo zake.

Mjukuu wake alikuwa amechuchumaa kwenye mtaro akigusa kifauongo. Anagusa, vijani vinajikunja, anasubiri, vinafunguka, anagusa tena. Nikachuchumaa naye. Chini ya kila kijani kuna kivimbe kidogo chenye maji. Ukigusa, maji yanahama upande mmoja, kijani kinalegea na kulala. Baada ya dakika kadhaa maji yanarudi. Mtoto alinisikiliza, kisha akasema kwamba maji sawa, lakini yeye anaona kifauongo anaogopa. Hatukubishana.

Saa 6 mchana

Wali, maharage na kachumbari kwa mama ntilie, chini ya mnazi wenye viota vya mnana. Kelele zake hazisemeki. Dume wa njano anachana ukanda mrefu kutoka kwenye kuti, anaruka nao, anausokota kwa mdomo, halafu ananing'inia chini ya kiota akipigapiga mabawa ili jike aje akikague. Jike asipopendezwa, kazi yote ni bure. Makuti ya mnazi ule yamechanwa mpaka yamebaki uti, na mama ntilie anasema mwenye mnazi ametishia kuukata. Namwombea asiukate.

Nikisimama wima jua la saa sita, kivuli changu kifupi kinaangukia upande wa kaskazini. Mwezi Julai kilikuwa upande wa pili. Jua limetupita, limekwenda kusini, na mvua huandamana nalo.

Saa 7:45

Mchana zamu yangu ni Amboni. Njia hii naipenda kuliko zote.

Kwanza kuna mkonge. Mmea huu unatokea Mexico. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikapita Hamburg, na vilivyofika Pangani vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Kutokana na hivyo 62 ndipo yalipotokea mashamba yaliyoijaza Tanga, reli, bandari, na babu za nusu ya rafiki zangu, waliokuja kukata mkonge kutoka mbali. Leo nimesimama kwa ajili ya mkonge mmoja uliosahaulika kando ya shamba. Umetoa mlingoti wa maua, mrefu kuliko nyumba. Mkonge huchanua mara moja tu maishani, baada ya miaka mingi ya kuweka akiba, na ukishamaliza hufa. Juu ya matawi ya mlingoti, baada ya maua, huota miche midogo iliyokamilika, yenye majani, ikadondoka kuanza maisha chini ya mama yake. Shambani mlingoti haupendwi, maana jani limekwisha. Pembeni huku hakuna wa kuukata, na nyuki walikuwa wameujaa.

Halafu mto Zigi. Unashuka kutoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki, na maji yake ndiyo yanayokusanywa bwawa la Mabayani, yakasafishwa, yakaja mjini. Uniti moja ni lita 1,000. Zile uniti 14 za mama aliyeogopa jongoo ni lita 14,000, na zilianza kama matone kwenye majani ya Amani. Nikiwa na mteja mwenye nafasi ya kusikiliza, humweleza hivyo. Ankara haipungui, lakini msitu anauelewa vingine.

Kwenye mawe ya chokaa ya huku Amboni, penye kivuli na kuvu ya kijani, huota mmea mdogo wenye majani ya duara yenye manyoya na maua ya rangi ya zambarau, manjano katikati. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya enzi za Wajerumani, aliupeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina la familia yao, Saintpaulia. Leo unakaa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na watu huko huufuga kwa mapenzi makubwa. Hapa kwao nimewauliza vijana wanaopita juu yake kila siku, hawaujui. Leo nimemwonyesha kijana wa bodaboda. Akapiga picha, akamtumia mchumba wake.

Saa 9:20

Mvua. Imekuja kutoka baharini, nzito, dakika arobaini hivi. Nimejibanza kibarazani kwa mteja, na harufu ya udongo imepanda mpaka tukanyamaza wote.

Saa 10:30

Imekatika. Kwenye uwanja wa mpira njiani kurudi, kereng'ende wamejaa hewani, mamia, rangi ya dhahabu chafu, wote wanakwenda na kurudi bila kutua. Wako wataalamu wanaoamini kwamba kereng'ende wa aina hii huvuka bahari kutoka India, kupitia Maldives, wakibebwa na pepo za msimu huu, na kwamba hutaga kwenye madimbwi yetu ya mvua. Mwanabiolojia Charles Anderson aliliandika hilo mwaka 2009, baada ya kuwatazama wakifika Maldives mwaka baada ya mwaka. Mdudu mwenye uzito usiohisika kiganjani anapita njia ya majahazi! Vijana walikuwa wakicheza mpira katikati yao. Nilishuka baiskeli nikatazama mpaka kipa akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Saa 12:50 jioni

Nyumbani. Kwa mvua ya leo nilijua nitakachokikuta, na watoto wa uani walijua kabla yangu: wameshaweka beseni la maji chini ya taa ya nje. Kumbikumbi wanatoka. Kichuguu cha nyuma ya choo kimefunguka vitundu, na vichuguu vya mtaa mzima vimefunguka jioni hiihii, bila kuambiana. Wanaruka, wanatua, wanaangusha mabawa yao manne, dume na jike wanafuatana chini kutafuta pa kuchimba. Wachache watafanikiwa kuanzisha kichuguu. Waliobaki ni riziki ya ndege, vyura, kuku na sisi.

Nimeandika: kumbikumbi wa kwanza, baada ya mvua ya alasiri. Mwaka jana waliwahi zaidi.

Mke wangu ameshateleka kikaangio. Kumbikumbi hawahitaji mafuta, wanajitoshea wenyewe. Chumvi kidogo, moto mdogo, mabawa yanapepetwa kwenye ungo. Watoto wanagombana nani alijaza kopo kwanza, na jirani amegonga geti na sahani mkononi akiuliza kama zamu yake imefika.