Baba mdogo wa bodaboda na hesabu ya mabinamu

Nina baba mdogo niliyemzidi umri kwa mbali. Anaendesha bodaboda pale Himo, ana miaka ishirini na kitu, na kila tukikutana ananidai shikamoo. Nampa. Abiria wanashangaa, mwenyewe anaitikia "Marahaba mwanangu" kwa sauti ya mzee wa kanisa, halafu ananiomba hela ya mafuta.

Nilipoanza kuuingiza ukoo wetu kwenye programu ya simu, huyu ndiye aliyenitoa jasho. Programu haina habari na baba wadogo wa namna yake. Inauliza amezaliwa na nani, basi. Ikabidi nijifunze kuhesabu inavyohesabu yenyewe, na mimi kazi yangu ni uhasibu hapa Moshi mjini, kwa hiyo sikulalamika.

Mnamtafuta mzee mmoja ambaye wote wawili mmetokana naye. Hesabu ngazi kutoka kwako hadi kwake, kisha ngazi za mwenzako. Namba iliyo ndogo, toa moja: hilo ndilo daraja la ubinamu. Tofauti ya namba zenyewe ni vizazi mlivyopishana. Mimi kufika kwa baba wa babu yangu ni ngazi tatu: baba, babu, yeye. Baba mdogo ni mjukuu wa mzee huyohuyo, ngazi mbili. Kwa hiyo ni binamu wa kwanza aliyenipita kizazi kimoja, yaani binamu wa kwanza wa baba yangu. Kwetu Mamba, huku Uchagani, hilo usilitamke mbele za watu. Mtoto wa baba mkubwa ni kaka yako, na mdogo wake baba ni baba. Binamu ni wa kwa mjomba na shangazi.

Umri haumo kwenye hesabu. Mzee alikuwa na wake watatu, na nyumba ya tatu ilizaa wakati nyumba ya kwanza ina wajukuu. Baba yake huyu wa bodaboda naye akampata uzeeni. Ndiyo shikamoo yenyewe.

Na hapo kwenye wake watatu ndipo penye kazi. Nyumba ya kwanza na ya tatu zina baba mmoja, mama mbalimbali, hivyo damu inayochangiwa ni nusu. Mabinamu wa kwanza kamili huchangia wastani wa asilimia 12.5 ya vinasaba. Bibi wakiwa tofauti, inakuwa 6.25. Wakipishana kizazi, gawa tena kwa mbili: 3.125, na hiyo ndiyo ya binamu wa pili kamili. Ndugu zetu wawili walioko Marekani walipima DNA, wakaambiwa huenda ni mabinamu wa pili. Si kweli, ni mtu na baba yake mdogo kama mimi na wa Himo. Asilimia peke yake haiwezi kuwatenganisha, mpaka awepo anayejua nani alizaliwa nyumba ipi.

Kwa hiyo ukikaa na mzee Krismasi usimuulize "huyu ni nani kwangu?" Atakujibu "ni ndugu yako" na kukusogezea bakuli la mtori. Muulize, "Bibi yake alitoka wapi?" Wanawake wanakumbukwa kwa walikotoka: yule wa Kilema, yule wa Mwika, yule wa Useri. Na nenda kwa tawi la kitinda mimba, maana kwa mila yetu ndiye anayebaki kwenye nyumba ya wazazi, na makaburi yako hapo nyuma kwenye migomba, kwenye mimea ya masale. Watoto wa katikati walikwenda kutafuta ardhi kwingine. Wajukuu zao wana maswali mengi kuliko majibu.

Babu aliacha kaunta buku. Ukurasa wa kwanza kaandika watoto wa baba yake: wa kiume wote kwa majina, kwa kalamu ya wino, mwandiko wa shule ya misheni. Chini yao maneno mawili: "na mabinti". Hao ni dada zake mwenyewe! Waliolewa, watoto wao wakahesabiwa kwa koo za waume, na karibu nusu ya mabinamu zangu wakaishia kwenye maneno hayo mawili.

Kuwafukua inawezekana. Kwa mila, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. La kwanza ni usumbufu mtupu, maana kila ndugu wa babu ana mtoto mwenye jina lilelile, nami nawaandika "wa mtoni", "wa Kahe", "wa njia ya shule". La pili ni dhahabu: linakupa baba wa yule mama ambaye hakuna aliyemwandika. Vitabu vya ubatizo navyo vinasaidia. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893 na Mamba 1894, kwa hiyo kwa sisi Walutheri usharika ni pa kuanzia. Kwa aliyebatizwa Mkatoliki kuna zaidi: ndoa yake hurudishwa na kuandikwa pembeni ya jina lake kwenye kitabu cha ubatizo, hata kama ameolewa parokia ya mbali.

Sasa hivi hesabu hii ina haraka. Binti wa kaka yangu anataka kuolewa na kijana wa Rombo, na imejulikana kwamba mama wa babu yake kijana ni mmoja wa wale "na mabinti". Ngazi nne kwa nne: mabinamu wa tatu, vinasaba chini ya asilimia moja. Sheria ya Ndoa ya 1971 haiwazuii mabinamu hata wa kwanza, na rafiki yangu wa Tanga amenicheka, eti kwao binamu nyama ya hamu. Baba wakubwa hawacheki. Wanataka kwanza kujua huyo bibi alikuwa wa nyumba ya kwanza au ya tatu. Kikao ni baada ya Pasaka, nami nimeagizwa nije na chati iliyochapishwa, maandishi makubwa.