Ngoma chini ya mnara

Jumapili usiku

Wiki nzima nimecheza gemu moja tu, PixelJunk Monsters Deluxe, kwenye PSP yangu ya siku nyingi, ile mashine ya Sony ya kuchezea gemu mkononi. Betri haikai na chaji tena, kwa hiyo nakaa karibu na soketi waya ukiwa umechomekwa. Wala hainisumbui. Gemu za kujenga minara nimecheza nyingi kwenye simu, na baadhi yake zina picha kali kuliko hii, lakini hakuna iliyonishika namna hii. Leo nimeona niandike kwa nini.

Kwa asiyezijua: maadui wanakuja wimbi baada ya wimbi, wewe unajenga minara kandokando ya njia yao, nayo inapiga yenyewe. Ukiua unapata hela, hela inakujengea mnara mwingine. Asili yake ni ya zamani kidogo. Atari walitoa Rampart mwaka 1990, kisha wachezaji wa gemu ya vita ya Warcraft III wakaanza kujitengenezea ramani zao za mtindo huu, na mwaka 2007 Desktop Tower Defense ikaenea kwenye kompyuta. Mwishoni mwa mwaka huohuo Q-Games wa Kyoto wakaitoa PixelJunk Monsters kwa PlayStation 3, huko kwao Japani kwanza. Aliyeianzisha kampuni hiyo ni Dylan Cuthbert, Mwingereza aliyekwenda Japani akiwa kijana mdogo kufanya kazi ya gemu ya Star Fox na watu wa Nintendo. Toleo la PSP likaja 2009, na ndilo hili nililonalo.

Sasa, katika gemu nyingi za aina hii wewe huonekani. Ni kidole tu kinachogusa huku na kule, unajenga kona hii, sekunde ileile unajenga kona ya pili. Hapa una mwili. Unaitwa Tikiman, kimtu kifupi chenye uso wa kinyago, na nyuma yako kuna kibanda chenye watoto 20. Mnara hauoti popote unapotaka. Lazima uende kwa miguu mpaka kwenye mti, ndipo mti ule ugeuke kuwa mnara. Pasipo na mti hakuna mnara. Adui akifa, sarafu zinadondoka palepale alipofia, na usipoziwahi zinapotea. Ukigusana na jitu njiani, na zile ulizonazo zinamwagika.

Kwa hiyo swali la gemu nzima ni moja: sasa hivi nisimame wapi?

Halafu kuna ngoma. Ukisimama chini ya mnara Tikiman anaanza kucheza, na kadiri anavyocheza ndivyo mnara unavyopanda daraja. Mpwa wangu, ambaye Jumamosi hushinda kwetu, alikuwa ameegemea bega langu akitazama, akashindwa kuvumilia.

“Mjomba, mbona anacheza ngoma na maadui wanakuja?”

“Anautia nguvu mnara.”

“Na zile hela kule?”

Zile hela kule. Hapo ndipo utamu wote ulipo. Zilikuwa zinameta upande wa pili wa msitu, karibu na mahali wanapoingilia, na mimi nilikuwa chini ya mnara wa mishale ambao ulibakiza kidogo tu upande. Nikiondoka, nitapata sarafu za kujenga mnara wa mzinga. Nikibaki, mnara huu utawaweza wale wa kuruka wanaofuata, maana mzinga haupigi kitu kilicho hewani. Nikabaki. Mpwa akaguna kwa uchungu zilipopotea moja moja. Lakini mnara ukapanda, na wale wa kuruka walipofika hakuna aliyepita.

Vipo vito pia, na vyenyewe ni adimu. Kito kinaweza kupandisha mnara papo hapo bila ngoma, au ukarudi nacho kibandani ukanunulia aina mpya ya mnara, wa moto au wa barafu. Mimi ni mtu wa kuweka. Naona mnara mpya unakufaa mpaka mwisho wa ramani, wakati mnara uliopandishwa haraka unakutoa kwenye shida ya dakika ile tu. Najua wengine wanacheza kinyume chake, na wanashinda.

Lakini kinachonirudisha zaidi ni wale watoto. Gemu nyingine inakuandikia “maisha 20” na ukipoteza moja inabaki 19, tarakimu tu. Hapa jitu likifika kibandani linamla mtoto, unaona. Ukimaliza ramani bila kupoteza hata mmoja unapewa upinde wa mvua, na kuna ramani hazifunguki mpaka uwe na pinde za kutosha. Mpwa hajali pinde. Anajali hesabu ya watoto, na mmoja akiliwa anataka tuanze upya, hata kama tumebakiza wimbi moja. Nami nakubali, kwa sababu nahisi hivyohivyo.

Mama akiniita nasukuma juu swichi ya ubavuni, PSP inalala. Nikirudi naisukuma tena, nakuta jitu liko palepale nilipoliacha, na muziki uliotungwa na Otograph unaendelea taratibu kana kwamba hakuna vita. Muziki huo mpole nimeupenda kupita kiasi. Ungekuwa wa makelele nisingeweza kufikiri, na gemu hii bila kufikiri huiwezi.

Ramani niliyo nayo sasa ina njia mbili za kuingilia na miti michache katikati. Nimeshaona kwamba kulinda pande zote mbili kwa usawa hakulipi, kwa kuwa miguu yenyewe ni miwili. Mpango wa kesho ni kujaza mizinga upande wa kushoto mapema, nipandishe daraja miwili ya mwanzo kwa ngoma, kisha nihamie kulia moja kwa moja na kuziacha sarafu za kushoto zipotee. Mpwa akija Jumamosi ijayo nataka akute upinde wa mvua umeshapatikana, maana ramani inayofuata nimemwahidi acheze yeye.