Wapasua kokoto wa Riat: kumbukumbu ya mradi wangu, wiki ya sita

Wiki hii sikuongeza rangi. Nilichofanya zaidi ni kukwangua. Jumamosi nilibeba turubai hadi Riat, nje kidogo ya mji wa Kisumu, nikamwonyesha mama ambaye nimekuwa nikimchora akipasua kokoto. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Huyu ni nani, mwanangu? Mimi hushika nyundo kwa kushoto." Ni kweli, nilikuwa nimemtia nyundo mkono wa kulia, na kile kipete cha mpira wa tairi kuukuu, ambacho hukizungushia jiwe ili lisiruke anapoligonga, sikukichora kabisa.

Nilianza mradi huu kwa kumfuata Gustave Courbet, Mfaransa aliyechora wapasua mawe wawili mwaka 1849, na ambaye mwaka 1855, kazi zake kadhaa zilipokataliwa katika maonyesho makuu ya Paris, alijenga banda lake mwenyewe na kulipa jina la uhalisia. Picha hiyo ya wapasua mawe iliteketea vitani mwaka 1945, kwa hiyo nategemea nakala. Na hata humo nyuso hazionekani vizuri, kwa kuwa kijana ametupa mgongo na mzee amefunikwa na kofia.

Hapo ndipo neno lenyewe lilipoanza kunisumbua. Katika falsafa ya Ulaya ya zama za kati, mhalisia alikuwa yule aliyeshikilia kwamba utu au wekundu upo kweli, wala si jina tu tunalovipa vitu vinavyofanana, ilhali mwanafalsafa Mwingereza William wa Ockham alilikana hilo na kusema kwamba kilichopo ni huyu na yule, mmoja mmoja. Kwa maana hiyo picha yangu ilikuwa ya kihalisia kupita kiasi: nilichora upasuaji, sikumchora mpasuaji. (Wanafasihi nao wana uhalisia wao, ambao mwandishi Kezilahabi aliutumia katika riwaya yake Rosa Mistika mwaka 1971 na kuuacha alipofika kwenye riwaya ya Nagona.) Mimi naegemea lile neno la sokoni Kibuye, ambako asali halisi ni ile isiyotiwa sukari.

Mkono wa kulia nimeukwangua hadi kitambaani, na kipete kimeshaingia mahali pake. Bado uso, ambao vumbi la mawe limeushika kwenye nyusi na pembezoni mwa midomo. Nitaumalizia palepale Riat, maana mama amekataa kukaa tuli: wilibaro tatu zinangojewa kabla ya jioni.