Matope ya Ukambani, mchanga wa Malindi
Jana nilishuka ufukweni Malindi na bibi. Akanionyesha mahali maji yalipokuwa yakifika alipokuwa msichana. Leo kutoka hapo hadi baharini ni mwendo, tena wa kuchoma nyayo! Upepo ulikuwa mkali, mchanga ukitupiga miguuni kama sindano; tulirudi nyumbani nao mpaka kwenye leso.

Huu mchanga una kwao. Mto Athi unatoka nyanda za juu karibu na Nairobi, unapita Ukambani, unaitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga kaskazini mwa mji wetu. Kila mteremko ulionyolewa miti na kila lisho lililobaki uchi hushuka nao mvua zikianza. Mawimbi hutandaza mchanga pwani, ukikauka upepo unaubeba bara na kujenga vile vilima vya Mambrui tunavyopigia picha za harusi.

Matope nayo hayatulii. Wakati wa kusi huelekea kaskazini. Kaskazi ikivuma yanarudi kwetu na bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa.

Kilichonishangaza zaidi ni tumbawe. Wanasayansi walichunguza la hapa Malindi lenye miaka kama 300, wakapima kwenye tabaka zake bariamu, elementi inayoletwa na udongo wa mto: ikizidi, udongo nao umezidi. Hadi karibu 1900 kiwango kilikuwa kimetulia, halafu kikapanda, enzi za walowezi wa kikoloni.

Bibi aliposikia akauliza, "Sasa huo udongo wa watu tutawarudishiaje?"